Ukitaka muvi ya michezo ya kutia moyo, uliza kwanza steringi anapigwaje

Mteja akiingia dukani akasema, "Kaka, nipe muvi ya michezo, ile ya kutia moyo," simpi hapohapo. Namuuliza ni ya nani. Yake mwenyewe? Ya watoto? Ya kijana aliyefeli mtihani na hataki kutoka chumbani? Maana rafu hiyo imejaa muvi zinazofanana kama mapacha: timu mbovu, kocha mkali asiyetakiwa na mtu, mazoezi kwenye mvua, hotuba chumba cha kubadilishia nguo, bao la dakika ya mwisho.

Ushauri wangu, usichague muvi ya michezo kwa fainali yake. Steringi hafi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, kwa hiyo kombe si habari. Angalia anavyopigwa, na kesho yake anaamkaje.

Chukua Rocky, ile ya kwanza ya 1976. Nabishana na watu kila mara kuhusu muvi hii, kwa sababu wengi wanaikumbuka kama ya bondia aliyeshinda. Hakushinda! Usiku wa kuamkia pambano anarudi kwa mpenzi wake Adrian na kumwambia hamwezi bingwa Apollo Creed. Anachotaka ni kumaliza raundi zote 15 akiwa bado amesimama. Anazimaliza. Apollo anapewa ushindi kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika, na Rocky hata hasikilizi matokeo, anamwita Adrian tu. Na zile ngazi za Philadelphia ambazo kila mtu anaziiga: mara ya kwanza anazipanda kwa taabu, anafika juu hoi, ameshika ubavu. Muvi hiyo ilitengenezwa kwa takriban dola milioni moja ikachukua Oscar ya filamu bora. Zile za baadaye, za kuzichapa na Mrusi, ni burudani ya Jumamosi. Sizipingi, ila usimpe mtu aliyekata tamaa.

Wapenzi wa muvi za Kihindi nawapa Dangal ya 2016, ya baba anayewafundisha mabinti zake mieleka. Mieleka yenyewe imepigwa picha vizuri sana, lakini mimi huwaambia wasubiri harusi. Mabinti wamechoka kuamshwa alfajiri, wamekatwa nywele, wanatoroka kwenda kwenye harusi ya mwenzao wa miaka 14. Wanalalamika kuhusu baba yao, na bibi harusi, na shela lake, anawajibu kuwa afadhali wao, baba yao anawafikiria. Nimeona akina mama wakinyamaza hapo, na wao ndio huwa waongeaji.

Jihadhari na maneno "kisa cha kweli" kwenye kava. Geeta Phogat, yule binti wa Dangal, alichukua kweli dhahabu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, mwaka 2010, lakini baba yake hakufungiwa chumbani wakati wa fainali kama muvi inavyoonyesha. Wajamaika wa Cool Runnings, muvi ya timu ya kigari cha kuteleza kwenye barafu, nao hawakubeba chombo chao mabegani kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Calgary 1988; walianguka kweli, wakatoka kwa miguu pembeni yake. Chumvi hiyo hainikeri. Kinachonikera ni mzazi anayesimamisha muvi kumwambia mtoto, "Unaona wenzako!"

Kwa yule kijana wa mtihani, nampa Queen of Katwe, nayo ya 2016. Ni drafti la wafalme, yaani chesi, hakuna jasho, lakini Phiona Mutesi ni mtoto wa Katwe, Kampala, anauza mahindi barabarani, na Lupita Nyong'o anacheza kama mama yake. Binti anakwenda Urusi akijiona ameiva, anachapwa, anarudi mtaani kwao ameharibikiwa kabisa. Muvi haikimbii sehemu hiyo. Inakaa nayo.

Wazee hupenda kuniuliza ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania. Olimpiki ya Mexico City 1968 alianguka kwenye marathoni, goti likaumia, akaingia uwanjani akichechemea na bendeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Muvi ya kuigiza sina, nina kipande cha picha za siku ile tu, na nakitoa bure. Watu wa Bongo Muvi mkisoma hapa, mnangoja nini?

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Muvi hizi usichukue zilizotafsiriwa, zile ambazo mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Kwenye muvi za kivita mtafsiri ananogesha, sina ugomvi naye. Lakini Rocky akikaa kimya kitandani, mtafsiri hawezi kuvumilia, atatia neno, atamsalimia na bosi wake. Chukua yenye maandishi chini. Kama babu nyumbani hasomi haraka, kaa karibu naye umsomee.