Maswali ya Wasomaji: Nani alimpora nani kiti Uingereza 1553?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasikia mwaka 1553 Uingereza walikalia kiti watu watatu, mmoja wao binti aliyedumu siku 9 tu. Sasa huyo Jane Grey alipinduliwa na Mary, au yeye ndo alimpora mwenzie? Naomba mnieleweshe. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba ndugu yetu. Mwenye haki alikuwa Mary. Baba yake, mfalme Henry VIII, aliacha sheria ya bunge na wosia juu yake, kwamba mwanae Edward VI aliyemrithi akifa bila mtoto anafuata dada yake Mary, halafu dada yao Elizabeth. Sasa Edward kafika miaka 15 kifua kimemshinda, yeye Mprotestanti na dada yake Mkatoliki haswaa, basi akashika kalamu akaandika mpango wake mwenyewe. Mwanzo kiti kilikuwa kiende kwa watoto wa kiume wa Jane, mjukuu wa dada yake Henry, ila Jane hana mtoto na muda unaisha, ikabidi akatekate na kuongezea juu ya mstari ili isomeke Jane na watoto wake wa kiume! Karatasi ipo London hadi leo. Bunge halikuipitisha.

Na aliyekuwa anaendesha serikali, John Dudley, Duke wa Northumberland, alikuwa ashamuozesha Jane kwa mwanae Guildford mwezi wa tano. Edward akafa tarehe 6 Julai, wakaficha msiba siku kadhaa, tarehe 10 Jane akatangazwa malkia. Binti wa watu hata miaka 18 hajafikisha na ufalme wenyewe hakuutaka, lakini msimamo alikuwa nao, alipoambiwa mumewe naye atatengenezewa taji akakataa katakata, akasema atampa cheo cha duke basi.

Mary alikuwa ameshachoropoka kwenda Norfolk kisha ngome ya Framlingham, watu wakammiminikia. Dudley katoka na jeshi kumfuata, huku nyuma baraza lile lile lililomuapia Jane likageuka, tarehe 19 likamtangaza Mary. Dudley alikatwa kichwa Agosti.

Jane naye, Mary alimwacha hai, kamfungia tu kwenye ngome ya Tower, London. Ila Januari 1554 baba yake Jane akajiingiza kwenye uasi wa Thomas Wyatt dhidi ya Mary, na hapo ndo akammaliza mwanae. Tarehe 12 Februari Jane na Guildford wakakatwa vichwa kwa shoka siku moja. Mimi lawama ya damu ile naiweka kwa baba mkwe na baba mzazi kabla ya Mary.