Kofia Mbili za Wadominika wa New York

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu anaishi New York, eneo la Washington Heights, ambako majirani zake wengi wametoka Jamhuri ya Dominika. Ananiambia kwamba wana madiwani na mbunge wao huko, na bado wanapiga kura za kwao. Wazee wenzangu hapa kijiweni wanasema mtu hawezi kuvaa kofia mbili. Wenzetu wamewezaje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mpwa wako hajatia chumvi, ila Wadominika hao walianzia shuleni. Walimiminika New York baada ya dikteta Rafael Trujillo kuuawa mwaka 1961, na kufikia miaka ya 1980 madarasa ya Washington Heights yalikuwa yamefurika watoto wao. Sheria ya wakati huo ilimruhusu mzazi kuchagua wajumbe wa bodi ya shule za eneo lake hata kama hakuwa raia wa Marekani, na wazazi wakaitumia nafasi hiyo kudai madarasa zaidi. (Sisi mkutano wa wazazi tunauona kuwa wa michango ya uji tu.) Mwalimu Guillermo Linares aliingia katika bodi hiyo mwaka 1983, na mwaka 1991, baraza la jiji lilipoongezwa viti kutoka 35 hadi 51, akachaguliwa kuwa diwani. Adriano Espaillat, ambaye utotoni aliwahi kuishi Marekani bila kibali, alishinda kiti katika Bunge la Marekani mwaka 2016.

Kuhusu kofia ya pili, vyama vya siasa vya kwao vilikuwa na matawi New York na vilichangisha fedha huko, na mchangaji naye hatimaye hudai sauti. Mwaka 1994 katiba yao iliruhusu uraia pacha, hivyo hofu ya kuupoteza uraia wa nyumbani kwa kuchukua wa Marekani ikaondoka. Walipiga kura wakiwa ugenini kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na katiba ya mwaka 2010 ikawatengea walio nje viti 7 vya ubunge.

Wazee wako hawajakosea kwa sheria yetu, kwani Mtanzania mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, na kura zetu hupigwa ndani ya nchi.

Mpwa wako naye asidhani mlango ule wa shule ungali wazi kama zamani. Bodi zile zilivunjwa, na sheria ya jiji iliyokusudia kuwapa wakazi halali wasio raia kura za udiwani na umeya ilibatilishwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2025. Mikutano ya wazazi anaweza kuhudhuria bila kuulizwa uraia. Lakini kama si raia, asijiandikishe kupiga kura, hata karani wa leseni za udereva akimpa fomu kwa mazoea, kwa sababu kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.