Vimeng'enya vimezidi kwenye seramu: je, mtoto ana Gaucher?

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Moroto, Uganda. Tuna mtoto wa miaka sita, wengu umeshuka hadi kitovuni, damu imepungua na chembe sahani ziko chini. Seramu yake (majimaji ya damu iliyoganda) ilipelekwa nje ya nchi, majibu yakarudi hivi: vimeng'enya viwili vimepanda, asidi fosfatesi na heksosaminidesi. Daktari ameandika "shaka ya Gaucher", yaani ugonjwa wa kurithi. Chuoni tulifundishwa kwamba magonjwa haya yanatokana na upungufu wa vimeng'enya vya lisosomu, vile vifuko vya ndani ya seli vinavyovunjavunja taka. Iweje basi vizidi? Na je, nitume seramu nyingine?

JIBU: Ndugu yangu, seramu nyingine usitume. Kwa Gaucher haitakusaidia, na sababu yake ndiyo jibu la swali lako la kwanza.

Tangu Christian de Duve alipoieleza lisosomu mwaka 1955 tunajua kwamba vimeng'enya hivi kazi yake iko ndani ya seli, mahali penye asidi, pH karibu 5. Damu ina pH 7.4, huko havina kazi ya maana. Unavyovikuta kwenye seramu ni vile vilivyovuja au vilivyomwagwa na seli, na ambavyo ini bado halijaviondoa. Namba uliyoletewa imechanganya mambo matatu: kiasi kilichotoka, kasi ya ini kusafisha, na jinsi sampuli ilivyotunzwa. Ndani ya seli kuna nini, haisemi.

Kwa mgonjwa wa Gaucher kinachopungua ni kimeng'enya kimoja tu, glukoserebrosidesi. Mafuta ambayo kilipaswa kuyavunja yanajaa kwenye makrofeji (seli zinazomeza taka na vimelea) za wengu, ini na uboho, na makrofeji hizo zilizovimba humwaga vimeng'enya vingine: asidi fosfatesi (ile isiyozuiwa na tatreti, kemikali ya maabara), heksosaminidesi, na hasa kitotriosidesi, ambayo kwa asiyetibiwa hufika mara mamia kadhaa ya kiwango cha kawaida. Glukoserebrosidesi yenyewe hukaa imeshikamana na utando wa lisosomu. Kwenye seramu huwezi kuipima ukaiamini.

Ukitaka kuliona jambo hili waziwazi, tazama ugonjwa mwingine wa kurithi, ugonjwa wa seli-I. Kwa kawaida seli hukitia kimeng'enya alama ya manosi-6-fosfeti ili kipelekwe kwenye lisosomu. Mtoto aliyezaliwa bila uwezo wa kutia alama hiyo hutengeneza vimeng'enya kama kawaida, kisha vingi vyake vinaishia nje ya seli. Pima seramu yake, utavikuta vimefurika. Pima fibroblasti, yaani seli za ngozi yake, vingi karibu havipo. Kinachomuumiza ni ukosefu ule wa ndani.

Sasa turudi Moroto. Mtoto wa eneo lenu la Karamoja mwenye wengu wa namna hiyo, swali langu la kwanza ni hili: kipimo cha haraka cha damu, rK39, cha kalaazar (ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na visubi) kimefanyika? Vimelea vya kalaazar vinaishi ndani ya makrofeji zilezile za wengu, ini na uboho, na kitotriosidesi hupanda. Malaria nayo huipandisha. Ini lililoharibika, kwa mfano kwa hepataitisi B, halisafishi damu vizuri, kwa hiyo heksosaminidesi hubaki juu. Kalaazar isipotibiwa inaua, na dawa yake ni ya siku 17 kwa sindano za sodiamu stibogulukoneti na paromomaisini. Ndiyo maana naisisitiza itangulie. Pimeni pia malaria na seli mundu.

Uboho ukichukuliwa, slaidi moja inaweza kujibu maswali mawili. Tafuta vimelea vya kalaazar, na pia tafuta seli za Gaucher: makrofeji kubwa ambazo saitoplazimu yake inaonekana kama karatasi iliyofinyangwa. Kumbuka kwamba seli zinazofanana nazo huonekana pia kwenye baadhi ya saratani za damu, kwa hiyo slaidi peke yake haitoshi kuthibitisha.

Wala sisemi seramu haina faida. Ugonjwa wa Hunter, mwingine wa upungufu wa kimeng'enya cha lisosomu, hupimwa vizuri kwa seramu. Tay-Sachs, unaokosa heksosaminidesi A, pia: seramu hupashwa moto wa nyuzi 50, heksosaminidesi A inakufa, B inabaki, tofauti inahesabiwa. Ila mjamzito au mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango apimwe kwa chembe nyeupe, kwani seramu yake hudanganya. Hata mirija ina maneno yake: damu ikiganda kwenye mrija wa kofia nyekundu, chembe sahani humwaga heksosaminidesi, na namba inapanda bila ugonjwa wowote.

Yote hayo yakipimwa na sababu isionekane, tumieni kadi ya matone makavu ya damu, ileile mnayoitumia kupima VVU kwa watoto wachanga na kuisafirisha Kampala. Jaza duara lote kwa tone moja, usirudie juu yake. Iache ikauke ikiwa imelala, mbali na jua, saa nne au zaidi, kisha ifunge na kifyonza unyevu. Glukoserebrosidesi ikionekana chini, thibitisheni kwa chembe nyeupe kutoka damu mbichi, halafu jeni ya GBA1, inayobeba maelekezo ya kimeng'enya hicho. Chembe nyeupe hazivumilii safari ndefu, kwa hiyo ni afadhali mtoto apelekwe Kampala akatolewe damu hukohuko.

Na kwenye fomu ya kadi, andika kwa mkono wako ukiomba kimeng'enya cha pili kipimwe kwenye tone hilohilo. Vyote viwili vikiwa chini, kadi imeharibiwa na joto njiani, chukua nyingine. Glukoserebrosidesi ikiwa chini peke yake, mpigie daktari siku hiyohiyo.