Mleta uzi, usiitume hiyo barua pepe kabla hujasoma hapa

Mkuu, acha kwanza. Usibonyeze kutuma.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ameitwa usaili wa pili, anataka kuijibu ofisi iliyomwita, na ameuliza mambo manne kwa mpigo. "Amaze", "astonish" na "baffle" vinatofautianaje, kipi kinafaa barua ya kiofisi, kihusishi gani kinafuata, na kama Waingereza na Wamarekani wanavitamka sawa. Kisha akabandika rasimu, na ndani yake kuna hii: "I am very surprising for your quick respond and I am confusing with the date of interview."

Waliotangulia wameivamia "respond", eti iwe "response". Sawa, iwe. Lakini hilo msomaji atalisamehe kwa sababu ujumbe anaupata. Kinachokwenda kukuumiza ni "surprising" na "confusing", maana hapo umeandika Kiingereza kizima kabisa chenye maana nyingine. Umemwambia mwajiri: mimi ni mtu wa kushangaza sana, tena sieleweki. Kikagua tahajia hakitakuwekea mstari mwekundu, kwa kuwa "I am confusing" ni sentensi halali. Inamfaa mwalimu ambaye akieleza ndiyo unazidi kupotea. Inawafaa wanasiasa kadhaa. Isikufae wewe siku unayoomba kazi.

Na najua ulikoitoa. Kuna somo linalouzwa kwenye tuisheni na kwenye vijitabu vya kujua Kiingereza ndani ya mwezi mmoja: "-ing" ni sasa hivi, "-ed" ni jana. Basi mtu anachukua "ninashangaa", anaona "-na-", anajisemea huu ni wakati uliopo, anaweka "am" na "-ing", anapata "I am surprising" na kujipongeza. Kesho yake anataka "nilishangaa", anabandika "-ed", anapata "I surprised". Kanuni kaifuata neno kwa neno, na sentensi zote mbili zimemwangusha. Anayefundisha hivyo bila kutoa tahadhari yoyote kuhusu vitenzi vya namna hii anatakiwa arudishe ada, na nauli juu. Wenzake ni hawa wanaosambaza orodha za misamiati kwenye magrupu, "surprise = shangaa", "confuse = changanyikiwa". Hapo ndipo sumu ilipo. "Surprise" si kushangaa. Ni kushangaza.

Twende taratibu. Kiswahili kinaanza na anayehisi. Mzizi ni shangaa. Ukitaka kumtaja anayesababisha ndipo unageuza mwisho, inakuwa shangaza. Shtuka, shtua. Duwaa, duwaza. Staajabu, staajabisha. Kiingereza kimepita njia ya pili. Kwao kitenzi kikiwa kitupu, hakijaongezwa chochote, tayari ni cha kutendesha: "surprise" ni shangaza, "startle" ni shtua, "confuse" ni changanya, "baffle" ni kanganya, "puzzle" ni tatiza. Kisababishi kinakaa mbele, aliyepatwa anakaa nyuma: "The letter surprised me." Wewe uliyeshangaa ukitaka kukaa mbele ni lazima uingie kwenye kauli ya kutendwa, "I was surprised", yaani umeshangazwa. Hiyo "-ed" haina undugu wowote na jana. Ndiyo maana "I am surprised" ni ya sasa, "I will be surprised" ni ya kesho, na mkia haujabadilika.

Kwa hiyo kanuni ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: ALIYESHANGAA anavaa "-ed", KILICHOSHANGAZA kinavaa "-ing". Wakati unabebwa na "am", "was" au "will be".

Namna ya kujipima ni hii. Soma kila kitenzi cha kundi hili kana kwamba kina "-za" au "-sha" mwishoni, halafu uliza: nani? "I surprised when I saw your email" inasomeka "nilishangaza nilipoiona barua yako". Ulimshangaza nani? Hayupo, basi sentensi imekufa. "The results shocked." Yalimshtua nani? Weka "me", "us", "everyone". Vitenzi hivi vinadai mtendwa. Kinyume chake, "I surprised my supervisor" ni sahihi kabisa, ila ujue umesema wewe ndiye uliyemfanyia bosi jambo asilolitarajia. Na "You are confusing me" ni unanichanganya, lakini ukilidondosha hilo "me" unabaki na "You are confusing", na hapo umemwambia mtu kwamba yeye mwenyewe haeleweki. Herufi mbili tu, na huenda mkanuniana wiki nzima.

Cha kuchekesha ni kwamba mtaani tunaipatia bila kufundishwa. "Amenisapraizi." "Usinikonfyuzi." Mfanyaji yuko mbele, na "-ni-" ya aliyepatwa imekaa mahali pake katikati ya neno. Aliyemwagiwa ndoo ya maji siku ya kuzaliwa hasemi "nimesapraizi", anajua fika kwamba yeye kafanyiwa. Tukivaa tai tu, sarufi yote inatoroka.

Kuna kosa la jirani, "I was surprise", ambalo linaingia kwa masikio. Lugha yetu inafunga maneno kwa irabu, kwa hiyo ile "d" ya mwisho ya "surprised", "confused", "puzzled" inatupita tukisikiliza, na "t" inayosikika mwishoni mwa "shocked" na "astonished" ndiyo kabisa. Tunaandika tulichosikia. Ukiona "am" au "was" kabla yake na wewe ndiye uliyepatwa, iandike hiyo "-ed" hata kama hukuisikia. Na ukiwa huna imani na mkia wowote, kimbilia nomino: "To my surprise, the letter arrived the next day." Ni "to my surprise", si "in my surprise" wala "for my surprise". Au "It came as a surprise to me." Zote mbili zinapita ofisini na hazina mtego.

Sasa kabla mjuaji mmoja hajaja na "mbona wonder?": ndiyo, "wonder" na "marvel" vinaanza na anayehisi, kama shangaa yetu. "I marvelled at the building", "I wondered why he left". Na "puzzle" ina sura ya pili, "She puzzled over the form", aliumiza kichwa juu ya fomu. Hizo ndizo zinazofanana na Kiswahili, basi zikariri peke yake. Hapo hapo kuna mtego mwingine: "nilishangaa kwa nini hakuja" watu wanaigeuza "I was surprised why he did not come". Haikai. Ama "I was surprised that he did not come", ama "I wondered why he did not come". Ukishaweka "why", shika "wonder".

Turudi kwenye sentensi yako. Ukirekebisha mikia na vihusishi tu, inakuwa: "I was very surprised by your quick response and I am confused about the interview date." Sarufi imepona. Bado usiitume.

Kwanza, kihusishi. Ulikuwa na "confusing with". "Confused with" ipo, ila maana yake ni kudhaniwa kitu kingine: "Baking soda is often confused with baking powder." Kama jambo halijakukaa sawa kichwani ni "confused about", na kama kuna kitu kilichokuchanganya ni "confused by". Kwa "surprised" tumia "by" au "at", au "to" ikifuatwa na kitenzi, "surprised to hear", au "that" ikifuatwa na sentensi nzima. "For" iache kabisa. Na "at" ikifuatwa na mtu moja kwa moja inageuka lawama: "I'm surprised at you" ni maneno ya mzazi kwa mtoto aliyemwangusha, maana yake sikutegemea wewe ufanye hivi. Usimwandikie ofisa ajira.

Pili, na hili wengi hawaambiwi: kwenye barua za kiofisi "I was surprised to receive..." ndivyo Waingereza wanavyoanza malalamiko mara nyingi. Mtu akikuandikia "I was surprised to learn that the invoice has not been paid", jua amekasirika na amevaa glavu. Ukimwambia mwajiri umeshangaa amejibu haraka, unamwambia vilevile kwamba ulidhani ni mzembe. Shukuru tu, mshangao ubaki nao nyumbani. Na kuhusu tarehe, taja kilichogongana ili asome mara moja ajue cha kurekebisha. Mimi ningeandika hivi: "Thank you for your prompt reply. I am a little confused about the interview date: your email says Tuesday, but the attached letter says Thursday. Could you please confirm which is correct?" Siku ubadilishe ziwe zako. Hiyo "a little" ni ya adabu, inamwachia nafasi ya kusahihisha bila kuona anashtakiwa. "Your email is confusing" sarufi yake ni safi, ila unamnyooshea kidole anayekushikia kazi.

Uliuliza maana. Nitapita haraka maana hapa hapakuui. "Surprise" ni jambo kukujia usilolitarajia, zuri au baya, na ndicho kinachotosha ofisini karibu mara zote. Kuna kichekesho cha kale wanachobandikiwa watunga kamusi tofauti: mke anamfumania mumewe akimbusu mtumishi, anapaza sauti "I am surprised!" Mume anamjibu, hapana mke wangu, "I am surprised, you are astonished." Ana hoja, msinipige mawe. Maana ya zamani ya "surprise" ni kumkuta mtu ghafla, na jeshini bado wanaitumia hivyo kwa kumshtukiza adui. "Astonish" ni kubwa zaidi, ni kupigwa na butwaa, na asili yake inatajwa kuwa Kilatini cha ngurumo ya radi. "Amaze" siku hizi imeegemea kwenye sifa, mpaka "amazing" imebaki kuwa safi sana. "Shock" mara nyingi ni baya. "Startle" ni ule mruko wa mwili mlango ukijibamiza, unapita hapo hapo. Usiseme bei ya umeme ime-"startle" nchi kwa mwaka mzima.

Upande wa kukanganya: "confuse" ni mambo kuchanganyikana. "Puzzle" ni bado unafikiri, unatafuta jibu. "Baffle" ni umefikiri umegonga ukuta, ndiyo maana magazeti yao yanapenda kuandika polisi wako "baffled". "Bewilder" ni vitu vingi kwa pamoja mpaka hujui uanze na kipi. "Stump" ni swali limekushinda, "Question 4 stumped me". Na kiongezi pia kina masharti: "very surprised", "very confused" ni sawa, ila "astonished" na "amazed" tayari ziko juu kabisa, zinapenda "absolutely" au "completely" kuliko "very".

Mbili nazipiga marufuku. "Bemused" kwa asili haihusiani na kuchekeshwa hata ikifanana na "amused". Ni kuchanganyikiwa kwa namna ya kuduwaa. Na "nonplussed" maana yake ya asili ni kukwama kabisa usijue useme nini, lakini Wamarekani wengi wanaitumia kinyume, kwa mtu asiyetikisika. Neno ambalo nusu ya wasomaji watalielewa kinyume la nini? Wale wa "acha kusema surprised, sema flabbergasted, sema gobsmacked" nao wapuuzeni. Hiyo "gobsmacked" ni lugha ya mtaani ya Uingereza, ni kama umezabwa kibao cha mdomo. Jaribu kuiweka juu ya "Yours faithfully" uone.

Sasa fungua rasimu yako, bonyeza Ctrl+F, andika "ing". Kila inapotua baada ya "I am" au "I was", simama uulize: hili jambo nalifanya mimi, au nimefanyiwa? "I am waiting" nafanya, pita. "I am looking forward" nafanya, pita. "I am confusing" nimefanyiwa, badilisha. Fanya hivyo hivyo kwenye wasifu na kwenye barua ya maombi uliyoitanguliza, kwa sababu ugonjwa huu hauishii kwa vitenzi vya kushangaa. "Bore", "excite", "disappoint" na "interest" vyote viko wodi moja. Na ukikuta kule juu kabisa umeandika "I am interesting in this position", ilishaenda hiyo mkuu, usiniambie.