Kisu cha mabapa mawili

SWALI: Babu ameniachia kisu cha kukunja kilichotengenezwa Sheffield, Uingereza, chenye bapa kubwa na dogo. Nataka kukusanya vya aina hiyo. Nivichagueje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mjukuu wangu, usikimbilie kinachong'aa. Fungua kila bapa: lisikike likikaza, lisicheze kwenye pini. Likiwa limekonda katikati kuliko shinani, limenolewa mno, liache. Kisha soma muhuri uliogongwa shinani, maana ndio cheti chake. Vyenye bapa kila ncha ya mpini vina asili ya kuchongea kalamu za unyoya. Mimi navipenda hivyo.

Kutu? Changu nilikisugua kwa msasa, kikang'aa kama kijiko, muhuri ukafutika. Hadi leo najilaumu. Wewe tia tone la mafuta ya cherehani tu.