Usalama wa wanafunzi katika ziara ya Saanane: kila mtoto anatazamwa na nani?

Ndugu mwalimu wa Magu, umeuliza ni mambo gani uzingatie kabla ya kuwapeleka wanafunzi wako wa Kidato cha Pili katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ambako mnataka kuvuka kwa boti, kupanda mawe na, ikiwezekana, kuogelea. Nimekuwa mlezi wa skauti hapa Mwanza kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu jambo la kwanza si vifaa. Jambo la kwanza ni kujua kila mwanafunzi anatazamwa na nani, na kama mtu huyo amepewa kazi nyingine wakati huohuo.

Katika ziara nyingi nilizoshuhudia, idadi ya walimu ilitosha kabisa, lakini mmoja alikuwa analipia viingilio, wa pili anagawa chakula, wa tatu anapiga picha, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa anawatazama watoto. Kwa hiyo gawaneni vikundi vidogo mkiwa bado shuleni, kila mwalimu awe na orodha ya kikundi chake mfukoni, na awepo mtu mzima mmoja asiye na kikundi wala shughuli yoyote isipokuwa kusimama upande wa maji. Mahudhurio yaitwe kwa majina, wakati wa kupanda boti, wa kushuka na baada ya kila shughuli. Kuhesabu vichwa hakutoshi, kwani shule mbili zenye sare zinazofanana zinapokutana gatini, hesabu inaweza kutimia huku mtoto wako hayupo.

Kuhusu boti, omba kuona cheti cha ukaguzi na idadi ya abiria inayoruhusiwa, kisha usikubali kuizidisha hata kwa mtoto mmoja. Niliwahi kubishana na mwenye boti aliyetaka darasa zima livuke kwa mkupuo mmoja ili aokoe mafuta. Tulivuka kwa awamu, tukachelewa, na baadhi ya walimu wenzangu walikasirika. Sisi wa Ziwa Victoria hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Tarehe 21 Mei 1996 tuliwapoteza mamia ya watu katika ajali ya meli ya MV Bukoba, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kisiwa cha Ukara. Kufika karibu na nchi kavu si kufika. Wanafunzi wabaki wameketi mpaka boti ifungwe, na wasikimbilie wote upande mmoja kwa sababu mtu ameona mamba.

Jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla ya kukanyaga boti. Mshike mtoto jaketi mabegani, ulivute juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake na litamvuka akiwa majini.

Hali ya hewa inahitaji uangalifu wa pekee. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, pepo za kutoka kandokando hukutana katikati ya maji, na dhoruba zinazozaliwa huko huweza kuendelea hadi asubuhi, yaani saa zilezile ambazo shule hupenda kuanza safari. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha waulize pia wavuvi mwaloni. Ngurumo ikisikika, watoto watoke majini na washuke kutoka kwenye mawe, wasirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Mamlaka ya kuahirisha apewe mwalimu asiyehusika na michango ya wazazi, kwa sababu fedha zilizokwisha kulipwa huwafanya watu waone mawingu ni mepesi.

Mawe yenyewe hayahitaji maneno mengi: viatu vyenye soli isiyoteleza, hakuna kupanda baada ya mvua, na hakuna kurukaruka kutoka jiwe hadi jiwe.

Kuhusu kuogelea, ushauri wangu ni kwamba msiogelee. Mamba wapo, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa pumzi yake yote inaishia katika kutafuta hewa. Anaweza kupotea mbele ya wenzake wanaocheka. Hata hivyo, kaeni na kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu la lita tano lenye kifuniko, ili mwenye kuokoa arushe dumu badala ya kujitosa. Mtoto akitolewa majini akiwa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anzeni mara moja kumpulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua, huku mwingine akipiga 114 kuwaita Zimamoto na Uokoaji.

Lipo pia suala la kichocho, ambalo walimu wengi hulisahau kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo. Vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi kwa dakika chache tu, na kunawa sabuni baadaye si kinga ya kutegemea. Iwapo wapo waliolazimika kukanyaga maji wakati wa kushuka, andikeni majina yao na muwaarifu wazazi, ili watoto hao wapimwe kituo cha afya baada ya wiki kadhaa na wapewe dawa ya prazikwanteli wakibainika kuambukizwa.