Mteja Akitaka Kutazama, Mpe Kiti

Nilipoanza kazi ya kuosha na kupiga magari polishi hapa Tudor, Mombasa, nilikuwa na turubai. Mteja akileta gari namwambia aende zake, arudi saa kumi, kisha nateremsha turubai kama ngariba. Hofu yangu ilikuwa moja: akiona, atajua; akijua, hatarudi.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja mwenye Demio nyeusi. Alikataa kuondoka. Akavuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia. Mimi nafuta boneti, kitambaa kikaniponyoka. Nikakiokota, nikakikung'uta kwa goti, nikaendelea.

"Mwanangu, hicho kimeanguka."

"Hakina neno, mzee."

Akanyamaza. Jua lilipogeuka tukaona sote wawili: mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, pale pale nilipopitisha mkono. Nilirudia upande ule kwa mashine ya polishi, na sikumtoza hata shilingi. Tangu hapo kitambaa kikianguka hakirudi garini siku hiyo, nitazamwe nisitazamwe. Turubai nikaliuza.

Kwa hivyo, wewe mwenye kibanda chako, kama bado unawafukuza wateja, jaribu kuwaacha wakae. Ila kiti kina mahali pake. Kiwe mbali na mpira wa presha na nyaya za mashine, mahali ambapo mteja anauona ubavu wa gari unaopigwa na mwanga, kwa sababu kivulini kila gari ni zuri. Muuza kahawa akipita, mnunulie kikombe na kashata. Atatulia.

Usimhubirie. Mpe kitu akiguse. Gari likishaoshwa, humpa nailoni ya mkate (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini ya mkate ipo), nikamwambia atie mkono ndani yake apitishe vidole juu ya boneti taratibu. Anashtuka. Rangi aliyodhani ni safi inakwaruza kama msasa: vumbi la breki, utomvu wa miti, uchafu ulioganda ambao sabuni haikuung'oa. Kisha napitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi, nikinyunyiza maji ya shampuu mfululizo ili uteleze, halafu namrudishia nailoni yake. Safari hii vidole vinateleza vyenyewe. Baada ya hapo sijawahi kuulizwa mbona bei yangu si sawa na ya mvulana wa sponji pale barabarani.

Funzo jingine ni la maji. Wengi wetu hapa tunaoshea magari maji ya kisima, na chumvi yake unaijua kwenye chai. Nadondosha tone la kisima na tone la maji matamu kwenye kipande cha bati jeusi, tunaviacha juani tukiongea. Moja likikauka linaacha duara jeupe. Hapo mteja mwenyewe anaelewa kwa nini nasema gari lioshwe asubuhi au jioni, na likaushwe kwa kitambaa badala ya kuachiwa jua. Kunguru nao, maana Mombasa hawana adabu: mavi yao yaroweshwe kwa kitambaa kibichi dakika chache, kisha yainuliwe. Ukiyasugua makavu umeisugua rangi kwa mchanga.

Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, hilo haliniumi kulifundisha. Sabuni ya vyombo nawakataza, inaondoa nta niliyoipaka kwa jasho langu.

Mashine ndiyo simwachii mtu. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na ushei, na ile klia, tabaka angavu ya juu, ni sehemu tu ya hiyo. Kwenye kona za mlango na mikunjo ya bodi ni nyembamba zaidi. Ukiganda hapo na mashine kidogo tu, umeitoboa, na dawa yake ni kwenda kupiga rangi upya. Kwa wenye hamu sana nina boneti kuukuu niliyoinunua kwa watu wa vyuma chakavu. Wajaribu pale, waunguze wapendavyo.

Je, hujapoteza mteja? Nimempoteza. Wengi sasa huosha wenyewe kila wiki na huniletea gari kwa polishi, na gari lililooshwa vyema hunipunguzia kazi. Lakini kijana mmoja alikaa kwenye kiti changu mara tatu, akanunua mashine yake, na sasa anawafanyia majirani zake kule Mikindani. Iliniuma, sifichi. Juzi kanipigia simu kuuliza pedi, ile sponji ya mashine, ikijaa polishi anaisafisha vipi. Nikamwambia: brashi kavu kila ukimaliza mlango mmoja, na jioni maji ya vuguvugu na shampuu, uikamue kwa kiganja, usiinyonge kama dekio.